Buibui Langu Lilikwenda Kazini

Sogea, ukae nami kitako, wewe uliye na nafasi ya kunisikiliza. Nataka nikueleze jambo moja kwa utaratibu. Pale nitakapokwenda mbio usione tabu kurudi nyuma, kwa sababu hata mimi lilinichukua zaidi ya miezi saba kulifahamu, na lilikuwa likitendeka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa Kiponda, ghorofa ya kwanza, juu ya ngazi za mbao zilizokuwa zikilia kila mtu akipanda. Mlango wa chini haukufungwa mchana. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonichanganya kuliko mengine yote: mlango ulikuwa wazi. Mume wangu hakunifungia kwa ufunguo hata siku moja. Hakuninyanyulia mkono. Alichokuwa akifanya ni kuondoka na buibui langu kila asubuhi, akenda nalo kazini, akalitia ndani ya mtoto wa meza yake, yaani droo, kama alivyonambia mwenyewe, na jioni akarudi nalo.

Kama umezaliwa juzi, huenda hujui buibui lilikuwa nini kwetu. Lilikuwa vazi jeusi la kamba, unalifunga kichwani, linashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na upande wake mmoja unauvuta ukafunika uso. Mwanamke wa mjini aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi hakutoa hata pua mlangoni bila ya kulivaa. Kutoka bila buibui, kwangu mimi, kulikuwa sawa na kutoka uchi. Nami nilikuwa nalo moja tu.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati foleni za mchele zilipoanza. Mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la karafuu, Malindi, mtaa wa bandarini hapo hapo mjini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, asiyekosa safu ya mbele msikitini. Shoga zangu waliniambia nimepata. Nami niliona nimepata.

Alianza kwa wema, na hapo ndipo ninapokuomba unisikilize vizuri. Siku moja aliona upindo wa buibui langu umefumka, akasema atalipeleka kwa fundi karibu na kazini kwake. Lilikaa wiki nzima. Liliporudi, akasema, "Jua kali siku hizi. Ukitaka kutoka, ningoje jioni nikupeleke mwenyewe." Nikaona ananihurumia. Baadaye akasema, "Mji huu haujatulia. Mimi nnakuogopea." Hilo lilikuwa kweli! Mji haukuwa umetulia. Watu walikuwa wakizungumza kwa kunong'ona hata ndani ya vyumba vyao. Kwa hivyo aliposema analichukua buibui ili nisije nikashawishika kutoka, niliitikia. Nilidhani ninaogopa mji. Ilinipitia miezi mingi kabla sijajua kuwa hofu zilikuwa mbili, na kwamba ya pili, ya kumwogopa yeye, alikuwa akiificha nyuma ya ile ya kwanza.

Jioni akirudi alikuwa na kazi moja kabla ya kuvua koti. Aliviokota viatu vyangu mlangoni, akavigeuza, akavipitishia leso yake nyeupe ya mkononi kwenye nyayo. Kisha akaitazama leso. Ikiwa safi, alitabasamu, akaniuliza tumepika nini. Siku moja ilitoka na vumbi, kwa kuwa nilikuwa nimeshuka uani kuanika nguo. Hakugombana. Alikaa kwenye kiti, akaniuliza nilisimama wapi, kwa muda gani, nani alipita, alinisalimu vipi, nilijibu nini. Akauliza tena tangu mwanzo. Wali ulipoa mezani, na mimi nikawa najisahau, ninajibu mara ya pili tofauti na mara ya kwanza, ingawa sikuwa nikisema uongo. Tangu siku ile nilianika nguo dirishani.

Na kulikuwa na jambo la kaka yangu. Kaka yangu alikuwa seremala, akiishi na mama yetu Mtoni, njia ya Bububu. Zamani kidogo, alipokuwa bado akiruhusiwa kuja kwetu, alikula chakula cha mchana, akafanya mzaha juu ya foleni ya mchele. Mzaha wa kawaida, kama watu wote walivyokuwa wakifanya wakiwa na watu wao. Mume wangu alicheka kuliko sisi sote. Miezi sita baadaye, nilipomwambia nataka kwenda Mtoni kumwona mama, alikunja gazeti lake taratibu, akasema, "Nenda. Lakini yale maneno ya kaka yako bado nnayakumbuka. Na mimi nna marafiki, unajua."

Miaka ile mzaha mmoja kama ule ulitosha mtu kuchukuliwa usiku. Sikulala. Tangu hapo kila nikisikia ngazi zinalia, tumbo langu lilikuwa likikaza kabla sijajua ni nani.

Chini yetu alikuwa akikaa mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyekuwa akishona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Nilikuwa nikimwita bi mkubwa. Nilimjua zaidi kwa kikohozi chake na sauti ya mkasi wake kuliko kwa sura. Asubuhi moja ngazi zilianza kulia, nikasimama nikiwa na mwiko mkononi, nimegeuka jiwe. Alikuwa yeye.

"Hodi, mwanangu!"

"Karibu, bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umeshika mwiko kama unataka kunipiga? Nimekuja na heri mimi." Alikaa kwenye mkeka bila kungoja kukaribishwa, akipumua. "Kaka yako alikuja tena jana. Mara ya tatu hii. Mumeo akamkuta mlangoni, akamwambia una homa, umelala. Mimi nilikuwa dirishani. Alipogeuka kwenda zake akanambia: mama yenu hawezi, mgonjwa, wiki ya pili hii, kila akizindukana anakuuliza wewe. Haya, vaa twende. Gari ya Bububu ipo saa hizi."

Niliuweka mwiko chini. Nikasema, "Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Mbona homa siioni?"

"Sina buibui."

"Buibui lako liko wapi?"

Nikajibu kama mtu anayetaja saa. "Limekwenda kazini."

Bi mkubwa aliangua kicheko, akapiga goti lake kwa kiganja. "Ati nini? Buibui limekwenda kazini, na wewe umebaki nyumbani? Lina mshahara basi hilo?" Nami nikacheka. Tulicheka pamoja, nikasikia mashavu yananiuma kwa kuwa yalikuwa hayajacheka siku nyingi. Kisha akanitazama, na kicheko chake kikakatika kidogo kidogo. "Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

"Tangu lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Nilipofika mwezi wa saba nikashindwa kuendelea, kwa sababu hapo ndipo nilipojisikia ninachokisema. Kabla ya hapo nilikuwa nikiishi siku moja moja. Sikuwa nimeziunganisha.

Bi mkubwa hakuniambia nivumilie. Wengi wangeniambia. Aliuliza juu ya viatu, kwa kuwa nilikuwa nimevitazama bila kujijua, nikamweleza habari ya leso. Aliuliza kwa nini nisimwambie kaka yangu, nikamweleza ule mzaha wa mchele, kwa sauti ya chini sana, na yeye naye akateremsha sauti yake. Kisha akasema, "Mama yako unamtaka?"

"Namtaka."

"Ukenda leo kwa wizi, utarudi usiku kwa nani? Kwa yule yule. Twende kwanza kwa kadhi."

Niliona ni wazimu. Nitamwambia nini kadhi? Kwamba mume wangu hanipigi? Kwamba ananilisha? Nilimwambia hivyo hivyo. Akashuka ngazi, akarudi na buibui lake la pili, lenye harufu ya udi, na makubadhi ya ngozi ya mke wa mwanawe. "Viatu vyako viache hapo hapo vilipo," akasema. "Akirudi mapema avikute safi."

Hapo ndipo nilipoona kosa la mume wangu, kosa ambalo mwanamme tu angeweza kulifanya. Alidhani ameondoka na njia yangu ya kutoka. Hakufikiri kwamba mji mzima nyumba zilikuwa zimejaa mabuibui, na kwamba ndani ya buibui mwanamke mmoja ni sawa na mwengine. Wanawake tulikuwa tukiazimana kila siku: la kwendea harusini, la kwendea mazikoni, lako likiwa halijakauka unavaa la jirani. Kilichokuwa kikinizuia kuomba hakikuwa uhaba wa buibui. Nilikuwa nikiona haya kueleza kwa nini sina langu. Haya ile ndiyo aliyokuwa akiifunga kwa ufunguo.

Tulitoka. Miguu yangu ilikuwa imesahau mawe ya njia. Tulipita Hurumzi, bi mkubwa mbele, mimi nyuma yake, nimeuvuta uso mpaka nikabaki na mwanya wa jicho moja. Kila mwanamme mwenye koti alikuwa yeye. Nilimwona mara tatu, na mara zote tatu hakuwa yeye.

Mara ya nne alikuwa yeye.

Alitokea kwenye kona ya kichochoro, mkononi ana bahasha, labda ametumwa. Njia ilikuwa nyembamba, haiwezi kupita watu watatu. Bi mkubwa akajibana ukutani, nami nikajibana. Alikuja mpaka nikasikia mafuta yake ya nywele. "Hamjambo, mama zangu?" akasema, kwa sauti ile ile ya chini ambayo watu wote waliipenda.

"Hatujambo, baba," akajibu bi mkubwa. Akaanza kukohoa, akakohoa kwa nguvu na kwa muda mrefu, akajifunika mdomo, ili pasiwe na nafasi ya mtu wa pili kujibu.

Aliteremsha macho. Alitazama miguu yangu. Nakuhakikishia, nilivihisi vidole vyangu vikijikunja ndani ya makubadhi. Alitazama viatu asivyovijua, kisha akatazama mbele, akapita. Bega lake liligusa la kwangu. Niliendelea kusimama hata alipokwisha kupotea, na bi mkubwa akanishika mkono, akanivuta kama anavuta mzigo. "Tembea," akasema. "Kulia utalia kwa kadhi. Huko pana kiti."

Afisi ya kadhi ilikuwa upande wa Vuga. Tulingoja kwenye benchi pamoja na watu wengine, na mimi nilikuwa nikitazama mlango wa nje badala ya mlango wa ndani. Tulipoitwa, nilimkuta mtu wa makamo, mwenye miwani, anachovya kalamu yake bila haraka. Aliniuliza kama alivyouliza wengi kabla yangu.

"Mumeo anakupiga?"

"Hapana, sheikh."

"Anakunyima chakula? Nguo?"

"Hapana."

"Anakunywea ulevi?"

"Hapana. Anasali."

Aliiweka kalamu. Hakukasirika, lakini niliona kwamba maswali yake yamekwisha, na kwamba baada ya hapo ataniambia niende nyumbani nikakae na mume wangu kwa wema. Nilikuwa tayari nimeanza kusimama. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Sheikh, buibui nililovaa si langu."

"La nani?"

"La jirani huyu. Langu liko Malindi, ndani ya mtoto wa meza ya mume wangu. Ndiko linakokaa mchana kutwa, mwezi wa saba huu."

Alinitazama, akamtazama bi mkubwa. Akaishika tena kalamu. Aliloniambia baada ya hapo sitalisahau, na ndilo lililonifanya nikuite ukae karibu. Alisema, "Usinambie mumeo ni mtu wa namna gani. Niambie jana. Tangu ulipofungua macho mpaka ulipolala. Usiruke kitu, hata ukikiona kidogo."

Nikamwambia jana. Nilianza na alfajiri, alivyolikunja buibui kwa mpangilio na kulitia kwenye mkoba wake. Nikasema nilivyoanika nguo dirishani. Nikasema habari ya viatu na leso. Nikasema maswali ya jioni, na wali ulivyopoa. Kila nilipodhani nimefika kwenye upuuzi na kutaka kuuruka, alisema, "Na halafu?" Kalamu ilikuwa ikikwaruza. Nilipomaliza aliuliza ikiwa juzi ilikuwa tofauti. Nikasema hapana. Na siku kabla ya juzi? Hapana. Kabla ya hapo? Nilianza kulia, kwa sababu niliisikia siku ile ile ikijirudia kinywani mwangu, nami nilikuwa nikiiita ndoa.

Kisha nikamwambia habari ya kaka yangu. Kalamu ilisimama. Kadhi aligeuka akatazama dirisha, akainuka akalifunga. Aliporudi kitini sauti yake ilikuwa ndogo. "Hilo tusiliandike," akasema. "Si kwamba sikuamini. La buibui linatosha."

Hapo nilijua kwamba hata yeye alikuwa akiogopa. Ajabu ni kwamba jambo hilo lilinipa nguvu. Alikuwa akiogopa, na bado alikuwa akiandika.

Alimwita tarishi, akampa barua, akamwagiza asirudi bila mume wangu, na bila kilichomo ndani ya mtoto wa meza. Sisi akatuambia tusiondoke. Tulikaa. Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba bi mkubwa alitoa kofia yake kwenye mkoba akashona viua kama vile yuko nyumbani kwake.

Alipoingia, mume wangu alikuwa akitabasamu. "Sheikh, mke wangu hajisikii vizuri. Ana homa huyu."

"Homa ya miezi saba?"

"Nnamhifadhi tu, sheikh. Unajua mwenyewe mji ulivyo."

"Mji nnaujua. Nakuuliza hiki." Tarishi alikuwa ameliweka mezani. Lilikuwa limekunjwa dogo, pembe kwa pembe, na lilikuwa likinuka karafuu.

"Limechakaa. Nilikuwa nalipeleka kwa fundi."

"Fundi gani huyo, bwana?" akasema bi mkubwa bila kunyanyua macho kwenye sindano yake. "Mimi kofia yenye viua elfu naimaliza. Yeye upindo mmoja haumaliziki?"

"Mama, nyamaza," akasema kadhi, lakini alipitisha kidole chini ya masharubu yake.

Mume wangu alinigeukia. Aliitazama miguu yangu, na sasa akakumbuka alipoyaona makubadhi yale. Tabasamu lake halikuondoka. Kwa upole kabisa akaniuliza, "Kaka yako hajambo?"

Nikamshika bi mkubwa bega. Nilidhani yote yamekwisha, nimemuuza kaka yangu kwa ajili ya kipande cha nguo nyeusi.

Kadhi akasema, "Umemuuliza mbele yangu, na nimesikia mimi, na tarishi, na mama huyu. Likimpata kaka yake lolote, tutakumbuka nani aliyeuliza." Akanisogezea buibui kwa ncha za vidole. "Huyu atakwenda kwa mama yake leo hii. Wewe hutamfuata. Utaleta mtu mzima wa upande wako, naye ataleta wa kwake, tukae tuliangalie jambo hili."

Siwezi kukwambia kwamba hofu iliishia pale. Nilipanda gari ya Bububu nikageuka nyuma mpaka shingo ikaniuma. Nilimkuta mama yangu Mtoni amelala ubavu, mwembamba, akinishika uso kwa mikono miwili ili ahakikishe ni mimi. Alipona, polepole. Vikao kwa kadhi vilikuwa vitatu, na cha mwisho mume wangu alitoa talaka, akasema maneno ya uchungu, akaondoka. Kaka yangu hakupatwa na kitu, lakini kwa muda mrefu kila mlango ulipogongwa sote watatu tulitazamana kabla mmoja wetu hajainuka. Hata majumba ya Michenzani yalipoanza kunyanyuka, nami nikawa napita huko kwa miguu na buibui langu mwenyewe, bado nilikuwa nikijikuta ninazitazama nyayo za viatu vyangu kabla ya kuingia ndani. Mazoea ya hofu hayafi siku ile ile mlango unapofunguliwa. Usijilaumu kwa hilo.

Bi mkubwa hakutaka nimrejeshee buibui lake. Alisema liache kwako, atakuja mwengine kuliomba. Walikuja wawili, kwa miaka ile michache. Wote wawili walianza kwa kuniambia kwamba mume hawapigi, kwamba si mtu mbaya, kwamba labda ni wao. Sikubishana nao. Niliwatilia chai, nikawauliza juu ya jana, na walipotaka kuruka kitu nikawaambia, "Na halafu?"

Basi nawe, kama kuna mtu ambaye hatua zake zinakukaza tumbo, fanya hivi. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, mchana, wakati yule hayupo. Mwambie siku yako ya jana, tangu ulipofungua macho mpaka ulipolala, na usiruke hata viatu. Kisha mwambie akusindikize kwa kadhi au kwa hakimu, na ukifika huko, ieleze siku hiyo hiyo tena.